Mtindo na zana za kuandika programu za mashindano

Mtindo na zana za kuandika programu za mashindano ni desturi za kuandika msimbo, pamoja na programu saidizi, zinazotumiwa na washiriki wa mashindano ya kutatua maswali kwa kompyuta. Katika mashindano hayo mshiriki au timu hupewa maswali kadhaa na muda maalumu, mara nyingi kati ya saa mbili na saa tano. Kwa kila swali hutakiwa kubuni algoriti, yaani utaratibu wa hatua za kufikia jibu, kuiandika kwa lugha ya programu kama vile C++, Java au Python, kisha kuituma kwenye mfumo unaoipima papo hapo.

Msimbo wa mashindano huishi saa chache tu, na husomwa na mwandishi wake au wenzake wawili. Kwa hiyo huandikwa kwa ufupi kuliko programu ya benki au ya hospitali, ambayo hutunzwa na watu wengi kwa miaka mingi. Hata hivyo ufupi huo una nidhamu yake. Anayeshinda kwa kawaida ni yule anayekosea mara chache, wala kasi ya vidole kwenye kibodi haimsaidii sana mtu ambaye programu yake inarudishwa mara tatu.

## Mashindano makuu

Mashindano ya ICPC ni ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Chimbuko lake ni shindano lililofanyika mwaka 1970 katika Chuo Kikuu cha Texas A&M nchini Marekani, na fainali za kwanza zilifanyika mwaka 1977. Timu huwa na watu watatu wanaotumia kompyuta moja kwa muda wa saa tano.

IOI, yaani Olimpiadi ya Kimataifa ya Informatiki, ni ya wanafunzi wa sekondari. Ilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1989 mjini Pravetz, Bulgaria. Kila nchi hupeleka wanafunzi wasiozidi wanne, na kila mmoja hushindana peke yake kwa siku mbili, saa tano kila siku. Barani Afrika olimpiadi hii imefanyika Cape Town, Afrika Kusini (1997), na mara mbili nchini Misri: Cairo (2008) na Alexandria (2024).

Pamoja na hayo kuna tovuti zinazoandaa mashindano mara kwa mara, kama vile Codeforces iliyoanzishwa na Mike Mirzayanov huko Saratov, Urusi, na AtCoder ya Japani. Kupitia tovuti hizo mwanafunzi aliyeko Mwanza, Mombasa au Bujumbura anaweza kutatua maswali yale yale na kwa saa ile ile kama mwenzake wa Tokyo, mradi ana kompyuta na intaneti.

## Jinsi programu inavyopimwa

Programu inayotumwa haisomwi na mtu. Mfumo huiendesha kwa kuipa data nyingi ambazo mshiriki hazioni, kisha hulinganisha majibu yake na majibu sahihi. Kila swali huwa na kikomo cha muda, mara nyingi sekunde moja au chache, na kikomo cha kumbukumbu, kwa mfano megabaiti 256. Uamuzi unaotolewa huwa mmojawapo wa hii:

* Imekubaliwa: majibu yote ni sahihi na yametolewa ndani ya vikomo.
* Jibu si sahihi: angalau jaribio moja limetoa jibu tofauti.
* Muda umezidi: programu ni ya polepole mno.
* Kumbukumbu imezidi: programu imetumia nafasi kubwa kuliko iliyoruhusiwa.
* Imevunjika ikiendeshwa: kwa mfano programu imegawa namba kwa sifuri.
* Haikukubaliwa na kompaila: msimbo una kosa la sarufi ya lugha yake.

Katika ICPC timu hupangwa kwanza kwa idadi ya maswali iliyotatua, kisha kwa jumla ya dakika. Kwa kila swali lililotatuliwa huhesabiwa dakika tangu mwanzo wa shindano hadi jibu lilipokubaliwa, na kila jibu lililokataliwa kabla ya hapo huongeza dakika 20.

Tuchukue mfano wa timu mbili zilizotatua maswali mawili kila moja. Timu ya kwanza ilikubaliwa katika dakika ya 30 na ya 70 bila kosa lolote. Jumla yake ni 100. Timu ya pili ilikuwa na kasi zaidi, ikakubaliwa katika dakika ya 20 na ya 60, lakini ilikataliwa mara moja katika kila swali. Jumla yake ni 80 na adhabu ya 40, yaani 120. Timu ya polepole iko mbele. Hesabu hii ndogo ndiyo inayoeleza sehemu kubwa ya desturi zinazofuata hapa chini.

## Kusoma mipaka kabla ya kuandika

Kila swali hutaja ukubwa wa data. Mshiriki mzoefu huanza hapo, kwa sababu mipaka hiyo humwonyesha ni algoriti ipi inayoweza kumaliza kwa wakati. Kanuni ya jumla ni kwamba programu ya C++ hufanya takriban hatua ndogo milioni 100 au zaidi kwa sekunde.

Ikiwa data ina namba 200,000, algoriti inayolinganisha kila namba na kila nyingine huhitaji hatua bilioni 40, na hiyo haiwezi kukubaliwa. Algoriti inayozipanga namba kwanza huhitaji takriban 200,000 mara 18, yaani hatua milioni 3.6, na humaliza upesi. Lakini ikiwa data ina namba 1,000 tu, ile njia rahisi ya kulinganisha zote huhitaji hatua milioni moja na inatosha kabisa. Kuandika njia ngumu mahali ambapo rahisi inatosha ni kujitafutia makosa.

Kumbukumbu nayo hukadiriwa vivyo hivyo. Jedwali la safu 10,000 kwa safu 10,000 za namba zenye baiti nne kila moja huchukua megabaiti 400, hivyo halitoshi kwenye kikomo cha 256.

## Mtindo wa msimbo

### Kiolezo

Washiriki wengi huanza kila swali kwa kunakili faili fupi iliyo tayari, iitwayo kiolezo. Mfano ufuatao wa C++ unatatua swali hili: kuna wachuuzi wasiozidi 200,000 sokoni, kila mmoja ameuza idadi fulani ya mafungu kwa bei fulani, na namba zote mbili hazizidi 100,000. Tafuta jumla ya mapato ya soko.

```
#include <bits/stdc++.h>
using namespace std;

int main() {
    ios::sync_with_stdio(false);
    cin.tie(nullptr);

    int n;
    cin >> n;
    long long jumla = 0;
    for (int i = 0; i < n; i++) {
        long long mafungu, bei;
        cin >> mafungu >> bei;
        jumla += mafungu * bei;
    }
    cout << jumla << '\n';
}
```

Mstari wa kwanza huingiza maktaba zote za kawaida za C++ kwa mara moja. Faili hiyo ni ya kompaila ya GCC. Kompaila ya Microsoft haiji nayo, kwa hiyo anayefanyia mazoezi huko hulazimika kutaja maktaba moja moja. Mistari miwili inayoanza na `ios` na `cin.tie` huharakisha usomaji wa data.

Kiolezo kizuri ni kifupi. Baadhi ya washiriki hubeba mistari mia kadhaa ya kazi wasizozihitaji, na kosa likitokea hutafuta ndani ya msitu. Tena kiolezo kilichoazimwa kutoka kwa mshindani maarufu hakina faida kwa mtu asiyeweza kueleza kila mstari wake.

### Ukubwa wa namba

Kosa mojawapo la kawaida zaidi ni namba kufurika. Katika mifumo mingi ya leo aina ya `int` ya C++ huhifadhi namba nzima hadi 2,147,483,647. Aina ya `long long` hufika 9,223,372,036,854,775,807.

Katika swali la wachuuzi, mauzo ya mtu mmoja yanaweza kufika 100,000 mara 100,000, yaani bilioni 10. Mwandishi akitangaza `mafungu` na `bei` kuwa `int`, kwa kawaida kompyuta hutoa 1,410,065,408 badala ya 10,000,000,000. Haitoi onyo wala haivunjiki, na jibu lenyewe linaonekana la kuaminika. Kuifanya `jumla` peke yake kuwa `long long` hakusaidii, kwa sababu kuzidisha hufanyika kwanza kwa ukubwa wa `int`, na namba imekwisha haribika kabla ya kujumlishwa.

Kosa hili halionekani katika mifano midogo inayotolewa pamoja na swali, maana mifano hiyo huwa na namba kama 3 na 5. Linaonekana tu kwenye majaribio yaliyofichwa. Ndiyo maana desturi iliyoenea ni kutumia `long long` kila mahali ambapo kuna kuzidisha au kujumlisha namba nyingi.

### Majina na vifupisho

Majina mafupi kama `n`, `i` na `a` hukubalika, hasa yakifuata majina yaliyotumika kwenye swali lenyewe. Kinachotakiwa ni msimamo mmoja. Mwandishi anayehesabu kuanzia 0 katika swali moja na kuanzia 1 katika linalofuata, bila mpango, mara nyingi hukosea kwa nafasi moja mwishoni mwa safu.

Wengine hutumia makro, yaani vifupisho ambavyo kompaila huvibadilisha kabla ya kusoma msimbo. Vinapunguza uandishi lakini vina mitego. Kwa mfano makro hii imekusudiwa kutoa kipeo cha pili:

```
#define kipeo(x) x*x
```

Ikiwa `a` ni 3, mtu hutarajia `kipeo(a+1)` iwe 16. Lakini kompaila huweka maneno yalivyo, yakawa `a+1*a+1`, na jibu ni 7. Kitendaji cha kawaida hakina tatizo hilo, wala hakichukui muda mrefu zaidi kuandika.

### Kusoma na kuandika data

Data ikiwa na mamia ya maelfu ya mistari, kuisoma kwenyewe kunaweza kumaliza muda. Katika Java, `Scanner` ni rahisi lakini ni ya polepole, kwa hiyo wengi hutumia `BufferedReader`. Katika Python husomwa `sys.stdin` badala ya kuita `input()` kila mstari. Katika C++ mstari mpya huandikwa kwa `'\n'` kuliko `endl`, kwa kuwa `endl` hulazimisha matokeo kusukumwa nje kila mara.

Kuna hali moja ambapo mambo hugeuka. Katika maswali ya mazungumzo, programu huuliza swali na kusubiri jibu kutoka kwa mfumo wa mwamuzi. Hapo matokeo yasiposukumwa nje, mwamuzi hayaoni, programu nayo inasubiri, na zote mbili hukaa kimya hadi muda unaisha. Katika maswali hayo `endl` ndiyo inayofaa.

## Kuchagua lugha

C++ ndiyo lugha inayotumiwa zaidi na washindani wa ngazi ya juu, kwa sababu ya kasi yake na maktaba yake yenye upangaji, foleni, seti na ramani zilizo tayari. Java ni ya polepole kidogo, lakini ina `BigInteger` kwa namba kubwa mno na hutoa ujumbe ulio wazi programu inapovunjika.

Python ndiyo rahisi zaidi kuandika, na namba zake nzima hazifuriki. Udhaifu wake ni kasi: kitanzi kirefu kinaweza kuchukua muda mara makumi ya kile cha C++. Tovuti kadhaa hutoa pia PyPy, namna nyingine ya kuendesha Python ambayo mara nyingi ni ya haraka zaidi. Kwa anayeanza, Python inafaa kujifunzia kufikiri; anayelenga IOI hana budi kujifunza C++.

## Zana

### Kihariri

Kihariri ni programu ya kuandikia msimbo. Vinavyotumika sana ni Visual Studio Code, Vim, Emacs, Code::Blocks na CLion, na kwa Java IntelliJ IDEA na Eclipse. Vim iliyotolewa mwaka 1991 na Bram Moolenaar inapendwa na wale wanaotaka kufanya kila kitu bila kugusa kipanya, nayo hufanya kazi vizuri hata kwenye kompyuta dhaifu.

Kwa mazoezi ya nyumbani kuna viongezi vinavyopakua mifano ya swali kutoka tovuti na kuijaribu kwa kubonyeza mara moja. Vinasaidia, lakini katika fainali za ICPC na IOI mshiriki hutumia kompyuta iliyoandaliwa na waandalizi, bila viongezi vyake na bila intaneti ya kutafutia majibu. Kwa hiyo ni busara kufanya mazoezi mara kwa mara kwa kihariri kitupu na dirisha la amri, ili siku ya shindano isiwe siku ya kujifunza vitu vipya.

### Kompaila na maonyo yake

Kompaila hugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine. Ya GCC ni ya bure, na toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 1987 na Richard Stallman. Wengi huiita bila chaguo lolote, na hivyo huacha msaada mkubwa bila kuutumia. Amri ifuatayo inafaa wakati wa kutafuta makosa:

```
g++ -std=c++17 -Wall -Wextra -g -fsanitize=address,undefined swali.cpp -o swali
```

`-Wall` na `-Wextra` hutoa maonyo, kwa mfano juu ya kigeu kilichotangazwa na kisitumike. Chaguo la `-fsanitize` huifanya programu ijichunguze inapoendeshwa: ikisoma nje ya safu au `int` ikifurika, hutaja mstari wenye kosa. C++ ya kawaida haichunguzi mambo hayo. Programu huwa ya polepole zaidi kwa namna hii, kwa hiyo anayepima kasi hutumia `-O2` peke yake.

### Jaribio la kulinganisha

Zana yenye manufaa makubwa kwa anayejizoeza huandikwa na mshiriki mwenyewe. Huwa na sehemu tatu: programu ya haraka anayotaka kuituma, programu ya polepole ambayo ni rahisi kiasi kwamba ni vigumu kuikosea, na programu ya kutengeneza data ndogo kwa bahati nasibu. Kisha kompyuta huzilinganisha mara nyingi:

```
for i in $(seq 1 1000); do
    ./tengeneza $i > data.txt
    ./haraka < data.txt > jibu1.txt
    ./polepole < data.txt > jibu2.txt
    if ! cmp -s jibu1.txt jibu2.txt; then
        echo "Tofauti kwenye data namba $i"
        break
    fi
done
```

Majibu yakitofautiana, kazi husimama na data yenye kosa hubaki kwenye faili ya `data.txt`. Data ikiwa ndogo, kwa mfano namba tano tu, mtu anaweza kuifuatilia kwa kalamu na karatasi hadi aone mahali alipopotoka. Data ndogo haigundui kufurika kwa namba, kwa hiyo ni vema kuongeza jaribio moja lenye namba kubwa kabisa zinazoruhusiwa na swali.

### Karatasi na daftari la timu

Katika ICPC watu watatu wana kibodi moja, hivyo muda wa kibodi ni mali. Timu iliyojipanga huandika algoriti kwenye karatasi kabla ya kuketi mbele ya kompyuta. Jibu likikataliwa, mwenye swali huchapisha msimbo wake, huondoka na kuusoma pembeni huku mwenzake akiandika swali jingine. Kukaa mbele ya skrini na kubadilisha kitu kimoja kimoja kwa kubahatisha huzuia watu wawili wasifanye kazi.

Katika fainali za dunia timu huruhusiwa kuingia na daftari lililochapishwa lenye kurasa zisizozidi 25. Huwekwa humo algoriti ndefu ambazo ni rahisi kukosewa, kama vile za mtiririko katika mitandao au za jiometria. Daftari lina thamani ikiwa kila msimbo uliomo ulishakubaliwa mahali fulani kabla ya kunakiliwa.

## Mtindo huu na kazi za kawaida

Desturi nyingi za mashindano hazifai nje ya mashindano. Majina ya herufi moja, makro na kuingiza maktaba zote kwa pamoja humpa taabu mtu atakayerekebisha programu hiyo baada ya miaka miwili. Swali la mashindano huahidi kwamba data itakuwa ndani ya mipaka iliyotajwa. Mteja wa benki hatoi ahadi hiyo, na programu yake lazima ichunguze kila kinachoingizwa.

Yapo lakini mambo yanayostahili kubebwa: kukadiria muda na kumbukumbu kabla ya kuandika, kuuliza namba kubwa kabisa itakuwa ngapi, kusoma maonyo ya kompaila, na kuilinganisha programu mpya na njia rahisi inayoaminika. Mfumo wa malipo wenye kigeu cha `int` mahali panapohitaji `long long` hufanya kosa lile lile la swali la wachuuzi, isipokuwa hapo adhabu yake haihesabiwi kwa dakika.